Sukari ya mama imeshuka vizuri, lakini miguu ndiyo inawaka moto kuliko mwanzo. Kwa nini?

#1 Mjukuu wa Uluguru
Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu.

Mama yangu ana miaka 58, anaishi Morogoro, ana kisukari aina ya pili. Kwa miaka mingi alikuwa anameza dawa akijisikia vibaya, akipata nafuu anaacha. Mwezi wa pili alizidiwa tukamkimbiza hospitali, kipimo kile cha wastani wa sukari ya miezi mitatu (HbA1c) kikasoma asilimia 12.4. Wakampandishia metformini, wakamwanzishia insulini ya usiku, na sisi watoto tukasimamia chakula kweli kweli. Juzi karudia kipimo: 7.1. Nyumbani tulishangilia.

Shida ni miguu. Zamani alikuwa na ganzi kidogo ya vidole, wala hakuijali. Tangu sukari ikae sawa, nyayo zinawaka. Usiku hataki shuka imguse vidole, anaikunja iishie magotini. Nimeamka saa nane nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, nyayo kazibandika kwenye sakafu ya saruji zipoe. Anasema anachomwa sindano kutoka ndani.

Sasa ameanza kusema insulini ndiyo inayomuunguza na anataka kuiacha. Sukari ikishuka si ndiyo neva, yaani mishipa ya fahamu, zinatakiwa zipone? Mbona kwa mama imekuwa kinyume?

#2 Ngosha Halisi
Pole sana mkuu. Naweka kambi hapa, mzee wangu naye analalamika ganzi. Ngoja waje wataalamu.

#3 Nesi Mstaafu
Pole mwanangu, na mpe mama pole yangu. Kwanza kabisa, insulini asiiache.

Nimekaa kliniki ya kisukari muda mrefu na hili nimeliona sana. Sukari ikizidi kwenye damu kwa miaka, inaharibu vile vimishipa vidogo vya damu vinavyolisha neva, na neva zenyewe zinaharibika. Zinazoanza kuumia ni zile ndefu kuliko zote, zinazokwenda mpaka vidoleni. Ni kama bomba la maji la mtaa, presha ikipungua nyumba ya mwisho ndiyo inayokosa maji kwanza. Ndiyo maana ganzi huanzia vidole vya miguu yote miwili, hupanda taratibu, na ikikaribia magoti ndipo vidole vya mikono navyo vinaanza.

Huyo mama neva zake ziliumia kitambo, wakati ule wa kuacha dawa. Anayoyaona leo ni deni la zamani. Wengine hata siku ile ya kwanza kuambiwa wana kisukari tayari wana ganzi, kwa sababu aina ya pili hukaa mwilini miaka bila mtu kujua.

#4 Tabibu Mizizi
Mnazunguka tu. Hiyo ni sumu ya dawa za hospitali imejaa miguuni. Unga wa mlonge, habasoda na mchanganyiko wangu maalumu, siku 21 ganzi kwisha na kisukari kwisha. Njoo PM.

#5 Mama Wawili Tegeta
#4 acha hizo. Dada wa jirani yangu alinunua "kisukari kwisha" kama hiyo, akaacha dawa, akaondolewa mguu chini ya goti. Mlonge ni mboga, ale akipenda, lakini dawa zake za hospitali aendelee nazo. Na huo mchanganyiko maalumu weka hapa hadharani una nini ndani, watu waujue.

#6 Mfamasia wa Mtaa
Naunga mkono #5. Nirudi kwa mleta mada: mama ametumia metformini kwa muda gani tangu aanze, hata kama alikuwa anaruka ruka?

Nauliza kwa sababu metformini ikitumika miaka mingi, hasa dozi kubwa, hupunguza ufyonzwaji wa vitamini B12 tumboni. Na upungufu wa B12 peke yake unaleta ganzi na kuungua nyayo, dalili ambazo ukizitazama huwezi kuzitenganisha na za kisukari. Uingereza mamlaka yao ya dawa mwaka 2022 ilisisitiza kwamba wagonjwa wa metformini wenye dalili wapimwe B12. Huku kwetu mgonjwa akisema miguu inawaka anaambiwa "ni sukari hiyo" na mazungumzo yanaishia hapo.

Halafu anakula nini? B12 inatoka kwenye nyama, maini, samaki, dagaa, mayai, maziwa. Mkimnyima vyote hivyo mkidhani mnamlinda na sukari, akabaki na mchicha na dona, mnaongeza tatizo.

#7 Ngosha Halisi
Kumbe metformini ni mbaya kiasi hicho? Basi mzee wangu aache.

#8 Mfamasia wa Mtaa
Hapana mkuu, sijasema hivyo! Metformini ni dawa nzuri, ya bei nafuu na ya siku nyingi. Apimwe B12, ikiwa chini anaongezewa, kwa sindano au vidonge, huku anaendelea na metformini yake.

Na jambo moja kwa wote: vile vidonge vya mchanganyiko wa B1, B6 na B12 watu wanavyomeza kama karanga kila wakisikia neno "neva", kuweni navyo makini. B6 ikizidi kwa muda mrefu nayo huharibu neva. Mtu anameza miezi na miezi kutibu ganzi, kumbe anajiongezea ganzi.

#9 Intani wa Zamani
Wakuu, maelezo ya Nesi Mstaafu na Mfamasia yote ni ya kweli kwa ujumla, ila hayajibu swali la mleta mada. Ameuliza kwa nini maumivu yamezidi BAADA ya sukari kushuka. Ganzi ya zamani haitoshi kueleza hilo, na B12 haishuki ghafla ndani ya miezi mitatu.

Rudini kwenye namba alizotoa. Kutoka 12.4 hadi 7.1, kwa miezi michache, ni zaidi ya pointi 5. Kuna hali inayojulikana kabisa: sukari iliyokuwa juu kwa miaka ikishushwa haraka sana, neva ndogo za maumivu zinachachamaa. Mwaka 1933 daktari Caravati wa Marekani aliandika kuhusu mgonjwa aliyepata maumivu makali baada ya kuanza insulini, ikaitwa uvimbe wa neva wa insulini. Baadaye ikaonekana inaweza kumpata hata anayetumia vidonge, hata aliyebadilisha mlo tu, kwa hiyo insulini yenyewe haina kosa, kasi ya kushuka ndiyo yenye shida. Utafiti wa Gibbons na Freeman uliotoka 2015 ulionyesha hatari inaanza kupanda kipimo kikishuka zaidi ya pointi 2 ndani ya miezi mitatu, na kadiri kinavyoshuka zaidi ndivyo hatari inavyokuwa kubwa.

Maumivu huanza ndani ya wiki kadhaa baada ya sukari kushuka. Habari njema ni kwamba kwa wengi hupungua yenyewe, ingawa inaweza kuchukua miezi mingi, wengine mwaka na zaidi.

Mleta mada, yalianza lini hasa?

#10 Mjukuu wa Uluguru
Asanteni sana wote. #9, nimekaa na mama tukahesabu. Insulini alianza mwishoni mwa Februari, moto wa nyayo ulianza karibu na Pasaka.

#6, metformini ameandikiwa mara ya kwanza mwaka 2013, ila kama nilivyosema alikuwa anaruka. Na chakula, ni kweli nyama tulimpunguzia sana. Maziwa aliacha mwenyewe, aliambiwa kanisani yana sukari.

#11 Intani wa Zamani
Muda unaendana. Bado simpimi mtu kwenye simu, lakini daktari wake aambiwe tarehe hizo mbili zikiwa pamoja.

#12 Nesi Mstaafu
Kijana wa #9, nakuheshimu, lakini ukiandika "kushusha sukari haraka kunaumiza neva" hapa, kesho watu kumi watapunguza insulini wenyewe. Nimeona wagonjwa wengi waliokatwa miguu kwa sukari ya juu. Aliyekatwa mguu kwa sababu sukari yake ilishuka vizuri sijamwona bado. Na wagonjwa wangu wengi walioshuka haraka hawakulalamika chochote.

#13 Intani wa Zamani
Shikamoo mama. Hatupingani. Asipunguze dozi bila daktari, hilo naliandika kwa herufi kubwa: ASIPUNGUZE. Lakini mgonjwa akiwa na maumivu halafu asielezwe kwa nini, ataacha dawa kimya kimya. Mama wa mleta mada tayari amefika hapo. Akiambiwa "mama, neva zinalalamika kwa sababu mabadiliko yamekuja kwa kasi, vumilia na tutakupa dawa ya maumivu", anaendelea.

Na tusidanganyane kwamba sukari ikikaa sawa neva zinarudi upya. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa 1993 kwa wagonjwa wa aina ya kwanza ulionyesha udhibiti mkali hupunguza uharibifu wa neva kwa asilimia 60. Kwa aina ya pili faida ipo lakini ni ndogo zaidi, kwa sababu kuna mengine yanayochangia: uzito, mafuta ya damu, presha, sigara, pombe.

#14 Kichwa Ngumu
Pombe imeguswa, sasa nusu ya wanachama wa uzi huu watakimbia. Ngosha upo?

#15 Ngosha Halisi
Nipo mkuu, mimi ni mtu wa soda. Aah, soda nayo imo.

#16 Fundi Viatu Msamvu
Wakubwa, mimi si daktari, ni fundi viatu. Acha nieleze nilichokiona kwa macho.

Mteja wangu mmoja, mzee mwenye kisukari, aliniletea kiatu nibadilishe soli. Nilipoingiza mkono ndani nikakuta msumari umetokeza, ncha imesimama juu ya soli ya ndani pale chini ya kidole gumba, na damu imekaukia pembeni yake, ngozi ya ndani imekuwa nyeusi. Nikamuuliza, mzee hiki kiatu umekivaa lini? Akasema ndicho nilichokuja nacho sasa hivi. Alikuwa amekaa kwenye benchi langu anabishana mambo ya Simba na Yanga, mguu umetoboka na hana habari. Nikamwomba avue soksi, nilipoona kidonda nikafunga banda, nikaita bodaboda tukaenda naye hospitali.

Kwa hiyo huyo mama anayeumia, mimi namwona ana nafuu kuliko yule asiyeumia. Anayeumia anatafuta msaada.

#17 Mama Wawili Tegeta
#16 Mungu akubariki fundi. Huo uamuzi wa kufunga banda ulimwokoa mtu.

#18 Mfamasia wa Mtaa
#16 umesema jambo kubwa, ila nirekebishe kidogo kwa faida ya wasomaji: mtu anaweza kuwa na vyote viwili, mguu unawaka moto na papo hapo hausikii msumari. Neva zinazoleta moto na zile zinazohisi mguso si zilezile. Kwa hiyo anayeungua asijione yuko salama.

#19 Mlinzi wa Zamu ya Usiku
Kuna daktari hapa Dar es Salaam, Zulfiqarali Abbas, ambaye yeye na wenzake waliandika mwaka 2005 kwenye jarida la kitabibu kuhusu wagonjwa wa kisukari wa Tanzania walioumwa miguu na panya wakiwa wamelala. Panya anatafuna kidole, mtu hasikii, anaamka asubuhi anakuta damu shukani. Nilipolisikia mara ya kwanza sikuamini, mpaka likampata shangazi yangu Manzese. Sisi tulidhani ni jipu limepasuka.

Tangu hapo analala na soksi, chandarua kimechomekwa vizuri chini ya godoro, na chakula hakiachwi chumbani.

#20 Ngosha Halisi
Panya?! Hapana wakuu. Leo hii naenda kwa mzee.

#21 Nesi Mstaafu
#19 ni kweli kabisa, na ni daktari huyohuyo aliyehangaikia mambo ya miguu mpaka mradi wa Step by Step ukafundisha madaktari na manesi wa mikoani, wawili wawili, namna ya kukagua na kutibu miguu. Kabla ya hapo mgonjwa alikuwa anapimwa sukari na presha, anaondoka na viatu vyake miguuni. Bado zipo kliniki zinazofanya hivyo hadi leo, na inaniuma.

Na msisahau mikono. Hapa hapa Dar iliripotiwa mwaka 2002 kwamba wagonjwa wa kisukari wanapata kidonda kidogo mkononi, kuumwa na mdudu au kuchubuka tu, kinavimba mpaka wengine wanapoteza vidole. Wamama wa jikoni na wakulima, mkono ukivimba msisubiri.

#22 Bin Kisauni
Salaam kutoka Mombasa. Mwaona kila ganzi ni sukari? Mimi baba yangu aliambiwa ni sukari mwaka mzima. Hatimaye daktari mmoja akamuuliza, ganzi iko mguu gani? Akasema wa kulia pekee, na ukipanda kutoka kiunoni. Kupigwa picha, pingili za mgongo zabana neva. Ya sukari huwa miguu yote miwili sawasawa. Muulize mamako vizuri.

#23 Binti wa Ifakara
Na mimi naongeza. Kaka yangu alitumia dawa za TB, ile isoniazidi nayo huleta ganzi miguuni, ndiyo maana wanapewa na vidonge vya B6. Yeye vya B6 aliviacha akidhani ni vitamini tu za kushiba. Tena kaka ana kisukari. Mpaka leo hatujui ganzi yake ni ya kipi.

#24 Mjukuu wa Uluguru
Mama ni miguu yote miwili, sawasawa. TB hajawahi kuugua. Mgongo unauma, lakini kalima maisha yake yote, mgongo utaacha kuuma?

Jana usiku alilia. Nimempa diklofenaki, haikusaidia chochote.

#25 Intani wa Zamani
Pole sana. Diklofenaki na wenzake hazisaidii maumivu ya neva, na kwa mgonjwa wa kisukari zinaweza kuumiza figo. Muulize daktari kuhusu amitriptilini dozi ndogo usiku, au dulokisetini, au pregabalini, gabapentini. Utafiti wa Uingereza wa 2022 ulilinganisha amitriptilini, dulokisetini na pregabalini, na nguvu zao kwenye maumivu zilikaribiana. Amitriptilini ndiyo rahisi kupatikana huku kwetu. Inaanza kwa dozi ndogo inapandishwa taratibu.

#26 Mama Wawili Tegeta
Hiyo amitriptilini ndiyo niliyoandikiwa mimi. Nilifika nyumbani, mume wangu akatafuta jina kwenye simu, akakuta "dawa ya sonona". Akaniuliza, mke wangu una nini unanificha? Ikabidi nirudi kwa daktari nikiwa naye, akaelezwa kwamba dozi ndogo inatuliza neva. Wiki ya kwanza mdomo unakauka na asubuhi unaamka mzito. Baadaye nililala usingizi ambao sikuupata kwa miezi. Moto haukuisha wote, lakini ulipungua kiasi cha mtu kuishi.

#27 Mfamasia wa Mtaa
Nyongeza kwa #26: mwenye matatizo ya moyo, mzee mwenye tezi dume anayekojoa kwa shida, na mwenye presha ya macho, aseme kabla hajapewa. Tafadhali msigawane vidonge na jirani.

#28 Kichwa Ngumu
Kuna jambo wanaume hatulisemi. Neva hizi hazipo miguuni tu. Nguvu za kiume zinaweza kuondoka kwa sababu hiyohiyo. Mimi nilikuwa naenda kununua vidonge vya kificho vya mtaani, kumbe sukari ndiyo iliyokuwa inaniangusha. Semeni kliniki, ndugu zangu. Daktari hashangai.

#29 Ngosha Halisi
Kichwa Ngumu leo umetoka mafichoni! Heshima kwako mkuu, wengi tutasoma kimya kimya.

#30 Intani wa Zamani
#28 umenena. Tumbo linalojaa baada ya matonge mawili na kutapika chakula cha jana, kizunguzungu ukisimama, vyote vinaweza kuwa neva. Hata moyo: mwenye kisukari anaweza kupata shambulio la moyo bila maumivu ya kifua, anahema tu na kutoka jasho.

#31 Dada wa Leicester
Nipo Uingereza, nafanya kazi wodini. Kipimo rahisi cha kufanya nyumbani ni hiki, kilitokea hospitali ya Ipswich. Mgonjwa alale, afumbe macho. Mguse kwa ncha ya kidole chako, taratibu, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza wala kusugua: kidole gumba, cha kati na kidogo cha mwisho, miguu yote miwili. Jumla vidole sita. Kila akihisi aseme "kulia" au "kushoto". Asipohisi viwili au zaidi, huo mguu uko hatarini na aonwe na wataalamu. Usirudie kumgusa pale aliposhindwa.

#32 Mjukuu wa Uluguru
Dada wa Leicester, asante. Nimemfanyia sasa hivi. Gumba zote mbili hakuhisi, na kidogo cha kushoto hakuhisi. Vitatu. Halafu shuka ikimgusa anaruka. Nilikuwa sielewi #18 alichosema, sasa nimekiona.

Chini ya gumba la kulia nimekuta sugu ngumu, katikati pana weusi. Alikuwa anaikwangua na wembe.

#33 Nesi Mstaafu
Mwanangu, wembe utoke humo ndani leo. Weusi ndani ya sugu mara nyingi ni damu, chini yake panaweza kuwa na kidonda. Kesho asubuhi apelekwe, usingoje siku ya kliniki. Asiloweke miguu kwenye maji ya moto wala ya barafu, asitembee peku hata ndani, na ile sakafu ya saruji usiku aiache. Apakwe mafuta nyayoni, lakini katikati ya vidole pabaki pakavu.

#34 Bin Kisauni
Inshallah mamako atapona. Nawe #33 umetisha leo, hata mimi nimekwenda tazama miguu yangu.

#35 Mjukuu wa Uluguru
Mrejesho wakuu. Sugu wameikata, chini palikuwa na kidonda kidogo, bahati nzuri hakijafika kwenye mfupa. Amepewa amitriptilini. Nilimwonyesha daktari tarehe za insulini na za maumivu, akasema inawezekana kushuka kwa haraka kumechangia. Daktari wa pili aliyekuwepo akasema hapana, hii ni ganzi ya kawaida ya miaka, imefika hatua ya moto. Damu ya B12 imechukuliwa, majibu wiki ijayo. Insulini anaendelea, amekubali.

#36 Mfamasia wa Mtaa
Nangoja majibu ya B12. Moyo wangu bado uko pale.

#37 Intani wa Zamani
Hata ikiwa chini, mkuu, haitaeleza Pasaka.

#38 Mfamasia wa Mtaa
Na Pasaka haitaeleza ganzi ya miaka.

#39 Binti wa Ifakara
Viatu je? Mama yangu mdogo anavaa kandambili, kamba ya katikati inamchubua na hasikii. Fundi wa Msamvu unaweza kumshonea?

#40 Fundi Viatu Msamvu
Naweza dada. Kandambili na katambuga za tairi aache. Nashona sendo ya ngozi laini, mikanda mipana inayofungwa kisigino, ndani soli laini isiyo na mshono wala msumari, naunganisha kwa gundi na uzi. Mchore mguu kwenye boksi akiwa amesimama, miguu yote miwili maana hailingani, acha nafasi ya upana wa kidole mbele. Na mchore jioni miguu ikishatanuka, ukichora asubuhi kitambana.